Hatujagusa Kitu, Tumesafisha Tu

Siku ya kuniaga ofisini mlinipa keki, kitenge na saa ya ukutani, na ninashukuru kwa vyote. Lakini aliyesoma risala alisema nimetumikia vivutio vya utalii maisha yangu yote, na tangu jioni ile neno hilo limenikaa kooni. Sijawahi kutunza kivutio hata kimoja. Nimetunza tanuru zilizobomoka, mashimo ya dhahabu, kambi za vibarua na vifusi, yaani mahali ambapo watu walichimba, wakayeyusha, wakaponda mawe, na wengine wakafia humo humo. Mmeniomba niwaandikie ninyi mnaobaki jinsi kazi ilivyokuwa. Nitaandika, maana sasa nimestaafu na nina nafasi ya kukasirika vizuri.

Nilianzia Iringa. Nilifika ofisi ya mambo ya kale asubuhi ya baridi, nimevaa viatu vyenye kisigino, na aliyenipokea alikuwa mhifadhi mkuu wetu, Mzee Mwalukasa, Mnyakyusa wa Rungwe, mtu mrefu mwenye koti lenye mifuko mingi kuliko kabati langu. Aliniangalia miguuni kabla hajaniangalia usoni.

"Binti, hivyo viatu ni vya kanisani?"

"Hapana mzee, ni vya kazini."

"Kazi ipi?"

Aliniazima raba za mkewe, zilizonibana vidole wiki nzima, akanipakia kwenye gari hadi ukingoni mwa shamba la mahindi huko juu kwenye ukungu, njia ya Mufindi. Akaniambia nikae juu ya lundo moja lililoota majani. Baada ya muda akaniuliza nimekalia nini. Nikasema mawe. Akasema niangalie tena. Yalikuwa meusi, mazito, yenye vitobo vitobo, kama uji uliomwagika jikoni ukagandia sakafuni. Nilikuwa nimekalia mavi ya chuma, uchafu unaobaki tanuruni mhunzi akishatoa chuma chake. Mzee alinieleza kwamba chuma chenyewe kilishakwenda, kikawa majembe, majembe yakalika, na kilichobaki kutupa habari za wale wahunzi ni ule uchafu tu. Shuleni walikuwa wamenifundisha habari za machifu na vita vyao. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba vilima hivi vilikuwa na viwanda.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache: dira, futi kamba, pima maji, kamba ya katani, ubao wa kuchorea na kamera ambayo ililala kwa fundi zaidi kuliko ilivyolala ofisini. Mzee alikuwa na masharti yake. Huwezi kupima kutoka kwenye mti, kwa sababu mti hukatwa. Unapima kutoka kwenye msingi, mwamba au kitu kingine kisichohama. Mnapima watu wawili, kila mmoja anaandika kivyake, na hakuna kuchungulia cha mwenzako mpaka jioni. Futi kamba za plastiki aliwaachia mafundi cherehani. Nilidhani ni kiburi tu, mpaka nilipofanya kazi Chunya kwenye jua nikaona ile ya plastiki niliyonunua soko la Mwanjelwa inavyorefuka kadiri saa sita inavyokaribia. Nunueni za chuma, zifuteni mafuta kila jioni, msimwazime mtu.

Msimu uliofuata tulirudi kwenye lile shamba kuchora tanuru zake. Lundo halikuwepo. Mkandarasi wa barabara alikuwa amelizoa lote, na msimamizi wake alitupokea kwa uchangamfu kabisa.

"Kamwene, wazee. Haya mawe yenu mazuri kweli. Hata mvua inyeshe vipi, gari haitelezi."

Mzee Mwalukasa alimuuliza kama angekuta kaburi limepangwa mawe mazuri angelizoa pia.

"Aa, kaburi si lina msalaba, mzee?"

Hakuwa mtu mbaya. Nataka mlielewe hilo mapema, kwa sababu katika kazi hii adui yenu mara nyingi atakuwa mtu mwema mwenye tingatinga. Nilipouliza kwa nini hatumshitaki, mzee alijibu kwamba lundo halikuwa limesajiliwa, na kisichosajiliwa, kwa ofisi, hakipo. Sikulala vizuri kwa siku kadhaa. Hadi leo nikipita barabara ile ninajua tairi zinakanyaga kazi ya watu ambao hatukuwahi hata kupima upana wa tanuru zao, na ninakasirika upya.

Baadaye nilihamishiwa Mbeya, nikapanga chumba mtaa wa Soweto, na Mzee Mwalukasa naye akahamia, akisema anataka kumalizia kazi karibu na migomba ya kwao. Ndipo tulipoanza kwenda upande wa Chunya, kwenye dhahabu ya kale. Mnaijua safari hiyo: unapanda mlima umevaa sweta, unateremka upande wa pili ukilivua, na ukifika chini unatamani kuvua na ngozi.

Kilima cha Nkandwe kilikuwa cha kwanza kunipa maana ya kazi. Wazungu walichimba hapo enzi za mkoloni, kisha kampuni yao ikaondoka na kuacha kila kisichobebeka. Kulikuwa na kinu cha kupondea mawe, safu ya nyundo ndefu za chuma zilizosimama kwenye fremu, zilizokuwa zikiinuliwa na mhimili unaozunguka wenye meno na kuangushwa juu ya mawe usiku na mchana. Kulikuwa na msingi wa zege wa injini, vibanda vya vibarua ambavyo mtu mzima hawezi kulala akanyoosha miguu, na chini zaidi nyumba ya meneja yenye baraza pande zote. Wageni wote waliofika Nkandwe walipiga picha nyumba ya meneja. Mzee Mwalukasa alikataa kuipima mpaka tumalize vibanda. Alisema meneja alikuwa mmoja na alikuwa na kamera yake.

Nyuma ya kinu palikuwa na kifusi kikubwa cha mawe meupe na ya kijivu, yenye ncha kali, yaliyotolewa chini ya ardhi. Nilikuwa nimekipanda na dira nilipoona juu yake mawe ya aina nyingine: madogo, ya mviringo, laini. Yalikuwa mawe ya mtoni, na mto uko mbali chini ya kilima. Mawe hayapandi mlima yenyewe. Nilimwita mzee. Alivua kofia, akasimama pembeni, akaniambia nishuke pole pole kwenye kifusi kile na nitafute mtu wa kuuliza.

Hatukuhangaika. Bibi mmoja alikuwa akipanda na ndoo kichwani, na mkononi ameshika jiwe.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mnatafuta dhahabu?"

"Hapana, tunapima tu."

"Wote wanaokuja wanapima. Halafu wanachimba."

Huyo alikuwa Bibi Tabu. Aliweka jiwe lake juu ya kifusi, akarekebisha kata kichwani, na tulipomwomba atueleze akatueleza akiwa amesimama, ndoo haijashuka.

"Baba yangu iko chini hapa. Yeye na wenzake. Mbao zilivunjika, shimo likawafunika. Mzungu akaona kuwatoa ni kazi, akamwaga mawe hii yote juu, akafungua shimo ingine kule. Mimi nilikuwa tumboni. Ndiyo maana naitwa Tabu."

Mzee akamuuliza mawe ya mtoni ni ya nini.

"Nikitoka mtoni naweka moja. Mama alikuwa anaweka. Na wale wa nyumba zingine wenye watu wao huku chini walikuwa wanaweka, sasa wamebaki wachache. Tutafanyaje? Kaburi ndiyo hii." Halafu akatuangalia sisi wawili na ubao wetu wa kuchorea. "Nyie ni serikali. Nataka kitu moja tu. Kabla sijafa, muandike kwamba hapa ni kaburi, watu wasipaguse."

Niliahidi. Mzee Mwalukasa alinikaripia njiani kwa kuahidi, lakini kesho yake alianza kuandaa maombi ya kuisajili Nkandwe, na aliyaendeleza mpaka siku anastaafu. Amelala Rungwe sasa, chini ya kaburi lenye jina lake, na migomba imemzunguka kama alivyotaka.

Nilibaki na ile ahadi. Kinu, vibanda na kifusi vilipaswa kutangazwa rasmi ndipo sheria ivilinde, na kutangazwa kulihitaji mtu mkubwa aje aone. Kila mwaka nilipeleka maombi, na kila mwaka niliulizwa swali moja: kwa nini tusiombee ile nyumba ya meneja, ina mandhari. Nilijibu mpaka nikachoka kujibu kwa adabu. Wakati huo wachimbaji wadogo walikuwa wameijaza ile nchi, wakisaga na kuchenjua dhahabu hata kwenye mawe yaliyoachwa na Wazungu, na watu wa mjini walinitisha kwamba hao ndio watakaokula kifusi changu. Nilikwenda kuongea nao. Kijana mmoja aliyekuwa mkubwa wa duara, shimo la wachimbaji, la jirani hata hakuacha nimalize.

"Pale kuna watu, mama. Sisi hatuchimbi penye watu. Tukishuka shimoni tunawataja kwanza."

Hawakuwahi kuchukua jiwe hata moja pale Nkandwe. Andikeni hilo, kwa sababu katika ripoti zenu mnapenda sana kuandika kwamba wachimbaji wadogo ni tishio kwa malikale.

Hatimaye tulipata mgeni rasmi. Angekuja kuona eneo, na akiridhika lingetangazwa. Iliundwa kamati ya maandalizi, na ninyi mnajua kamati ya maandalizi ni kitu gani: watu wa maturubai, watu wa vipaza sauti, watu wa chakula, na mimi. Kwenye kikao niliwaambia neno moja tu, nikalirudia, nikaomba liandikwe kwenye muhtasari: msiguse kitu. Katibu wa kamati, mwanamume nadhifu asiyewahi kuonekana na shati lililokunjamana, alinihakikishia. Bibi Tabu aliwekwa kwenye ratiba. Angesimama kwenye kifusi, amwambie mgeni rasmi ni nani yuko chini yake.

Wiki ile nilibaki Mbeya kushughulikia maonyesho ya picha. Asubuhi ya sherehe niliwahi kufika Nkandwe, na mwanzoni nilidhani dereva amekosea njia. Barabara ilikuwa imepangwa mawe yaliyopakwa chokaa pande zote. Kinu kilikuwa kimepigwa msasa, kutu yote imeondoka pamoja na namba zilizokuwa zimegongwa kwenye chuma, na nyundo zimepakwa rangi ya fedha. Vibanda vya vibarua vimefyekwa hadi misingi, kwa sababu kuta zilikuwa zimeinama na zingeonekana vibaya. Na nyuma ya kinu, pale penye kifusi, palikuwa na uwanja. Umesawazishwa na greda, umemwagwa changarawe, maturubai yamesimama, viti vimevalishwa vitambaa.

Nilimkuta katibu anakagua maua ya plastiki mezani.

"Kifusi kiko wapi?"

"Mama, mgeni rasmi hawezi kukaribishwa kwenye vifusi. Na magari tungeyaweka wapi?"

"Nilisema msiguse kitu."

"Hatujagusa kitu, tumesafisha tu."

Aliniangalia kwa mshangao wa kweli. Kwake kufyeka, kufagia, kupaka rangi na kusawazisha si kugusa. Ndivyo tulivyolelewa sote: mgeni anakuja, uwanja unafagiwa, cha zamani kinafichwa nyuma ya nyumba, na anayelalamika anaonekana hana adabu. Nilimuuliza mawe yamepelekwa wapi. Alisema kwa sauti ya mtu anayetoa habari njema kwamba hayakupotea bure, tipa liliyabeba hadi kwenye mtambo wa kuchenjulia, maana mawe ya Wazungu bado yana dhahabu kidogo. Kwa hiyo mawe ya mto yaliyobebwa mkononi na mama yake Bibi Tabu, kisha na Bibi Tabu mwenyewe, yalisagwa kwenye mashine moja na mengine yote. Nilimwacha na maua yake.

Bibi Tabu alifika amevaa kitenge chake cha kanisani, amefunga kilemba kipya, anatembelea fimbo. Alisimama ukingoni mwa ule uwanja. Kisha akanishika mkono.

"Mwanangu, nisimame wapi?"

Nilikuwa nimepima eneo lile kutoka kwenye msingi wa injini mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kutembea hadi mdomo wa shimo nikiwa nimefumba macho. Nilijua ulipo. Ulikuwa chini ya meza kuu. Nilimwambia hivyo, maana nisingeweza kumdanganya yule mama. Akaitazama meza, maji ya chupa, kiti kikubwa cha katikati.

"Basi ngoja wamalize kula," alisema.

Mgeni rasmi alikuja, akachelewa, akapongeza usafi. Alisema pamependeza sana. Ngoma zilipigwa, watu wakacheza wakikanyaga pale pale. Jina la Bibi Tabu liliondolewa kwenye ratiba kubana muda. Nilimwendea mshereheshaji, nikamwendea katibu, nikamwendea hata mlinzi wa mgeni rasmi, ambaye alinisukuma pembeni kwa heshima zote. Walipoondoka, na vijana wakaanza kukunja viti, Bibi Tabu alikwenda akasimama mahali meza ilipokuwa. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na sikuwa na haya.

Nkandwe ilitangazwa. Huo ndio uchungu wenyewe, wenzangu: tulishinda. Leo sheria inalinda uwanja wa kuegeshea magari. Kuna uzio, bango lenye masharti, na mlinzi. Kosa la kwanza kwenye bango ni kuondoa au kuongeza kitu chochote katika eneo. Bibi Tabu aliendelea kupanda na jiwe lake, akiliweka pale nilipomwonyesha, na kila Jumamosi ya usafi lilifagiwa likatupwa nje ya uzio. Niliandika kulalamika. Nilijibiwa kwa kanuni zile zile ninazowafundisha, kwamba eneo likishahifadhiwa haliongezwi kitu. Nikauliza kuhusu rangi ya fedha. Nikaambiwa rangi ilipakwa kabla ya tangazo, kwa hiyo imekuwa sehemu ya historia ya kinu, na ikwanguliwe tu kwa kibali. Sikutunga hayo. Nilifanya kazi na watu waliosoma, na waliyaandika hayo wakayasaini.

Miezi ile ya mwisho kabla sijastaafu, kila nilipofika Nkandwe Bibi Tabu aliniuliza kama tumeshaandika. Bango lina aya nzima kuhusu nyumba ya meneja. Niliomba iongezwe sentensi moja ya waliozikwa shimoni. Walisema lazima kwanza kuwe na ushahidi wa kaburi, na ushahidi wa kaburi ulikuwa kile kifusi. Miguu yake ilikuwa imeanza kumkatalia. Mtoni alikuwa hawezi tena kushuka.

Wiki moja baada ya keki yenu nilikwenda Chunya kwa nauli yangu. Nilishuka mtoni mwenyewe, nikajaza viroba, nikakodi bodaboda ya kuvipandisha, halafu nikamfuata Bibi Tabu kwake. Tulipanda taratibu, tukipumzika. Kwenye uzio alikuwepo Ezekia, ambaye wengi wenu mnamfahamu. Nilimfundisha mwenyewe kushika dira, na ni mlinzi mzuri, ndiyo sababu nilikuwa na wasiwasi. Alitusalimia sote wawili kwa shikamoo, akafungua geti, na alipoona viroba vinashushwa akaanza kuhangaika.

"Mama, hii hairuhusiwi. Wewe ndiye ulitufundisha."

"Najua nilichokufundisha."

"Itabidi niandike tukio. Nisipoandika kazi yangu itaingia matatani."

"Andika. Jina langu unalo."

Nilimwaga kiroba cha kwanza pale juu ya mdomo wa shimo. Kwa kazi yangu yote sikuwahi kusogeza hata kigae cha chungu bila kukichora kilipokuwa, na siku ile nilimwaga mawe juu ya eneo lililohifadhiwa. Bibi Tabu alipiga magoti kwa shida, akaanza kuyapanga moja moja. Ezekia alitoa daftari lake la zamu, akasimama na kalamu. Aliandika jina langu. Akamuuliza Bibi jina lake, akaliandika. Kisha akainama, kwa upole kabisa.

"Bibi, niandike mlikuwa mnafanya nini hapa?"

Hakuinua kichwa.

"Andika tunamzika baba."

Ezekia aliandika. Nilichungulia, na ndivyo alivyoandika, neno kwa neno. Kisha akaweka daftari chini, akaenda kuvuta kiroba cha pili.